Datsun 240Z ya mzee: pedeli ya breki laini kama embe bivu, na nilivyohangaika mpaka ikashika juu

Datsun_ya_Mzee
Wakuu habarini. Mwaka jana niliuliza humu kuhusu breki za gari langu, nusu yenu mkaniambia niuze chuma chakavu, nusu mkasema funga masta mpya (ile pampu ya pedeli inayosukuma mafuta ya breki). Masta mpya nilifunga. Leo narudisha majibu, maana hii tabia ya kuuliza, kupata dawa halafu kupotea kimya imetuharibia nyuzi nyingi.

Kwa wasiolijua: ni Datsun 240Z ya 1972, injini L24, silinda sita za mstari mmoja. Mzee aliinunua Nairobi akashuka nayo Moshi. Alikuwa na wazimu wa mbio za magari za Safari Rally kama vijana wengi wa enzi zile. 240Z ilishinda mwaka 1971 na Edgar Herrmann na Hans Schüller, kisha 1973 na Shekhar Mehta na Lofty Drews, ambao walilingana pointi na Datsun nyingine ya Harry Källström mpaka ikabidi mshindi apatikane kwa kanuni ya kutenganisha. Mzee akiisimulia ile ya 1973 ungedhani yeye ndiye aliyeshika usukani. Baadaye gari likakaa juu ya matofali miaka mingi, nikalirithi na vumbi lake.

Breki zake ni za kizamani: mbele diski, nyuma dramu (ngoma yenye viatu vya breki ndani), busta ya kuusaidia mguu, na masta yenye vyumba viwili. Hakuna ABS (ule mfumo wa kuzuia magurudumu yasigande ukifunga breki), hakuna kompyuta. Gari lina uzito wa kama tani moja tu, kwa hiyo breki hizo zikiwa nzima zinatosha kabisa. Zangu hazikuwa nzima. Ukikanyaga, mguu unazama kama umekanyaga embe bivu. Ukipampu mara mbili tatu pedeli inapanda, unajisifu, ukikaa dakika moja inarudi kule kule chini.

Gereji ya kwanza (jina naliacha) walibadilisha masta, wakapaka kalipa (vile vibanio vya pedi kwenye diski) rangi nyekundu bila kuombwa, wakatoa upepo kwenye mafuta ya breki, wakasema tayari. Nikarudi nyumbani na pedeli laini kuliko niliyoendea. Nikarudi tena, wakatoa upepo tena. Nikanunua mafuta ya breki mwenyewe, nikamweka mdogo wangu kwenye pedeli, "kanyaga, shikilia, achia," hadi kijana akaanza kunikimbia siku za Jumapili. Chupa tano ziliisha. Kila mara vipovu vinatoka, kila mara mwisho vinakoma, na pedeli ni ile ile.

Dawa ilikuja kwa mzee mmoja fundi mstaafu aliyekuja kumsalimia mama. Hakugusa spana. Aliinama, akachungulia nyuma ya gurudumu la mbele, akacheka. Akaniuliza, upepo ndani ya mafuta unapanda au unashuka? Nikasema unapanda. Akasema, basi mbona tundu lako la kuutolea liko chini?

Kalipa za kushoto na kulia zilikuwa zimebadilishana upande! Kwenye gari hili zinaingia pande zote mbili, bolti zinakubali, diski inazunguka, kila kitu kinaonekana sawa. Ila niplo, yaani lile tundu la kutolea upepo, ambayo lazima ikae juu kabisa ya kalipa, ilikuwa imekaa chini. Unatoa mafuta vizuri tu, upepo umejikalia juu kule ndani kama mpangaji asiyelipa kodi.

Nitaendelea, kuna mengine mawili yalijificha nyuma ya hilo.

Altezza_Nyeupe
Naweka mkeka hapa. Mkuu, usituache njiani kama wale wa simulizi.

Nyundo_na_Spana
Mimi ni fundi, mtaa wa Gerezani, Dar. Hilo la kalipa kubadilishana siyo la ajabu, hata kwa magari mengine linatokea pale mtu anapofungua zote mbili kwa mpigo bila kuweka alama. Kanuni yangu kwa vijana wangu: fungua upande mmoja, maliza, ndipo uhamie wa pili. Upande ambao hujaufungua ndiyo kitabu chako.

Lakini mleta uzi, kabla hujaendelea, niseme jambo. Watu wanaposema "breki laini" wanachanganya magonjwa matatu. Kuna pedeli inayobonyea kama sponji: huo ni upepo, au mipira ya kupitishia mafuta inayovimba. Kuna pedeli inayosafiri mbali bila kitu halafu inagota imara: hapo kuna nafasi mahali fulani, dramu hazijarekebishwa, au beringi za magurudumu zimelegea zinasukuma pedi kurudi nyuma. Na kuna pedeli inayoshika juu, lakini ukiikandamiza kwenye taa nyekundu inazama polepole: hapo raba za masta zinapitisha ndani kwa ndani, au kuna mahali panavuja. Ukimwambia fundi "laini" tu, atabadilisha masta, maana ndiyo spea rahisi kuiuza.

Datsun_ya_Mzee
Hapo umenena, mkuu. Kwangu yalikuwa mawili ya kwanza kwa wakati mmoja, ndiyo maana nilichanganyikiwa.

Naendelea. Nilipozirudisha kalipa pande zake na kutoa upepo, usponji ukaondoka karibu wote. Lakini pedeli bado ilikuwa inasafiri nusu ya njia ndipo ishike. Ukipampu mara moja, inashika juu, imara. Yule mzee alikuwa kaniachia jaribio la bure: vuta handbreki meno mawili matatu, halafu kanyaga breki. Nikajaribu, pedeli ikapanda sentimita kadhaa papo hapo.

Handbreki inavuta viatu vya breki za nyuma karibu na dramu. Kama pedeli inapanda ukiivuta, ina maana mafuta mengi ya masta yanatumika kusogeza viatu tu kabla havijagusa chochote. Masta inasukuma mafuta kidogo sana kwa mkanyago mmoja, ukiyamaliza kwa safari ya viatu yanabaki ya kubana nini?

Nikafungua dramu. Mwenyewe nilidhani zinajirekebisha zenyewe, na kweli zimetengenezwa hivyo, ila ile nyota ya kurekebishia ilikuwa imeganda kwa kutu pande zote mbili. Nikasafisha, nikatia grisi ya breki kidogo (siyo ile ya beringi, ikipata moto inayeyukia kwenye viatu), nikazungusha nyota mpaka gurudumu likawa linasugua kwa mbali, nikarudisha kidogo. Jioni ile nilizunguka Majengo mara tatu bila sababu yoyote.

Boksa_Sita
Mkuu, yote hayo ya nini? Watu wenye 240Z huko duniani wanafunga kalipa za Hilux ya 4WD, zile za pistoni nne. Spea za Hilux zimejaa hadi vijijini. Funga hizo, maliza kesi.

Datsun_ya_Mzee
@Boksa_Sita nilikuwa na mawazo hayo hayo, na nilishazitafuta. Ni kweli zinafungwa na watu wengi na zinafanya kazi. Ila fikiri: pistoni kubwa zaidi na nyingi zaidi zinataka mafuta mengi zaidi ili zisogee. Ukiziweka na masta ile ile ndogo, pedeli inaenda mbali ZAIDI. Breki zitakuwa na nguvu, mguu utazama zaidi. Yaani ugonjwa wangu ungezidi, nami ningesema Hilux wametuuzia kalipa mbovu.

Ndiyo maana wanaozifunga wengi wanabadilisha na masta, wanaweka ya Datsun 280ZX yenye kipenyo cha inchi 15/16 badala ya 7/8. Hesabu yake rahisi: eneo linaongezeka kwa kama asilimia 15, kwa hiyo kwa mwendo ule ule wa pedeli unasukuma mafuta zaidi kwa kiasi hicho. Lakini hakuna cha bure, kwa nguvu ile ile ya mguu presha inapungua kwa karibu asilimia 13. Pedeli inakuwa fupi na ngumu, mguu unafanya kazi zaidi. Wengine wanaupenda ugumu huo wakidhani breki zimeongezeka, kumbe zimepungua.

Mimi nikasema kwanza hii ya kiwandani ifanye kazi kama ilivyotoka Japani, ndipo nijue kama haitoshi.

Boksa_Sita
Hapo kwenye hesabu umenishika. Nakaa kimya.

Mswahili_wa_Leicester
Salaam kutoka Uingereza. Nina Mazda MX-5 ya 1990, ile ya taa za kufumbuka. Ugonjwa ule ule wa pedeli ndefu, na kwangu hakuna dramu hata moja, diski kote. Nilitoa upepo hadi nikachoka.

Kumbe kalipa za nyuma za hii gari zina marekebisho ya mkono. Nyuma ya kalipa kuna bolti ndogo, ukiitoa unakuta ndani skurubu ya kuzungusha kwa ufunguo wa pembe sita wa milimita 4. Unaikaza mpaka pedi zishike diski, halafu unarudisha theluthi moja ya mzunguko. Dakika kumi kila upande. Watu wanabadilisha masta na mipira, kumbe pedi za nyuma zimekaa mbali na diski tangu siku walipofunga mpya.

Sasa swali kwa fundi: mipira ya chuma iliyosukwa, kuna faida au urembo?

Nyundo_na_Spana
@Mswahili_wa_Leicester kwa mipira mipya ya kawaida, tofauti utaisikia lakini siyo ya kukushangaza. Kwa mipira iliyochoka, tofauti ni kubwa, ila hata mipira mipya ya kawaida ingekupa sehemu kubwa ya tofauti hiyo. Ndani ya ile ya kusukwa kuna bomba la plastiki gumu la teflon, na wavu wa chuma unalizuia lisivimbe. Kuipima ya zamani: injini inawaka, mtu akandamize pedeli kwa nguvu, wewe shika mpira kwa vidole. Ukiusikia unavimba, toa. Ukiona nyufa ukiukunja, toa hata kama hauvimbi. Na usisahau ugonjwa mwingine wa mpira mzee, unaziba kwa ndani, mafuta yanaenda lakini hayarudi, gurudumu linabaki limebanwa na linanuka.

Nyongeza kwa wale wanaotoa upepo nyumbani na masta ya zamani. USIMWAMBIE msaidizi akanyage mpaka sakafuni! Masta ya miaka mingi imezoea kutembea nusu ya njia tu. Ile nusu ya chini haijasuguliwa, ina kutu na uchafu. Ukikanyaga hadi chini, raba zinapita juu ya kutu zinachanika, halafu unasema "nilitoa upepo tu, masta ikafa." Weka kipande cha ubao chini ya pedeli.

Na masta mpya itolewe upepo mezani kabla haijaingia kwenye gari. Ifunge kwenye jiliwa, weka vipande vya bomba virudishe mafuta kwenye kopo lake, sukuma taratibu mpaka vipovu viishe. Ukiifunga kavu, utahangaika wiki nzima.

Altezza_Nyeupe
Wakuu na mimi mnisaidie, Altezza yangu, pedeli ndefu asubuhi na baada ya barabara mbovu, mjini kwenye lami inakuwa nzuri. Nimejaribu lile la handbreki, hakuna mabadiliko. Ina maana sina tatizo nyuma?

Nyundo_na_Spana
Jaribio la handbreki kwako halisemi kitu, mdogo wangu. Altezza nyuma ina diski, na handbreki yake ina viatu vyake tofauti ndani ya kifuniko cha diski. Vikibana visibane, pedeli haijui.

Barabara mbovu ndiyo inayokusaliti. Inua magurudumu, shika juu na chini, tikisa. Kama beringi ina mchezo, au diski imepinda, inazisukuma pedi nyuma kila gari linaporuka, na mkanyago wa kwanza unatumika kuzirudisha. Angalia pia pini za kalipa kama zinateleza. Ikiwa umefungua mfumo na upepo umeingia kwenye ABS, hapo huwezi kuutoa wote kwa mguu, tafuta mwenye mashine ya kuziamsha valvu zake.

Bibie_Torque
Nasoma kimya tangu juzi lakini hamjagusa mafuta yenyewe, na mleta uzi ametaja chupa tano kama ametaja soda tano.

Mafuta ya breki ya madaraja ya DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 yananyonya unyevu wa hewani. DOT 3 mbichi inatakiwa isichemke chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, ikishanyonya maji inaruhusiwa kushuka mpaka 140. DOT 4 ni 230 na 155. DOT 5.1 ni 260 na 180. Sasa mtu anafungua chupa mwezi wa pili, anaiacha kwenye buti nusu, mwezi wa tisa anaiongeza kwenye gari. Pwani huku hewa ni maji matupu! Na ile DOT 5 (bila ".1") ni silikoni, ukoo mwingine kabisa, haichanganywi na hizi, na vipovu vikiingia ndani yake kuvitoa ni kazi. Namba zinafanana, watu wanadanganyika.

Na tafadhali, siyo oili ya injini, siyo ya usukani wala giaboksi. Raba za breki zikionja oili ya petroli zinavimba kama andazi. Nimewahi kuona dereva akiongeza maji ya sabuni ili afike safari. Alifika, lakini mimi nilishuka.

Datsun_ya_Mzee
@Bibie_Torque dada, laiti ungeandika hili mwezi mmoja kabla. Hapo ndipo lilipokuwa la tatu.

Baada ya dramu kukaa sawa nilijiona bingwa, nikaenda kuijaribu Lushoto. Mnaijua ile barabara ya kutoka Mombo, kilomita 33 za kona, mlima upande mmoja na korongo upande wa pili. Kupanda ilikuwa raha tupu, L24 inaimba. Kushuka nikawa nashuka kwa mbwembwe, gia ya tatu, breki kila kona. Karibu na chini pedeli ikaanza kulainika. Kona moja ikashika katikati, inayofuata ikashika chini zaidi. Nikatia gia ya pili, handbreki taratibu, nikaegesha kwenye kibanda cha matunda. Diski zinatoa harufu ya kibiriti. Muuza plamu akaniuliza kama gari linauzwa, nikakosa hata nguvu ya kumjibu.

Baada ya nusu saa pedeli ikarudi juu yenyewe, kama haikutokea kitu. Hapo nikaelewa kwamba siyo upepo uliobaki, maana upepo ungelainisha hata gari likiwa baridi. Ni mafuta kuchemka: yanageuka mvuke kwenye kalipa, mvuke unabonyea, yakipoa yanarudi kuwa kimiminika. Na mafuta yenyewe yalikuwa ile chupa ya DOT 3 iliyokaa wazi stoo, sikutaka kuitupa.

Nikamwaga yote, nikatia DOT 4 mpya kutoka chupa zilizofungwa, nikaanza na gurudumu la mbali na masta, kwa gari letu la usukani kulia ni la nyuma kushoto, nikamalizia la mbele kulia. Mafuta yaliyotoka mbele yalikuwa rangi ya chai ya rangi.

Nyundo_na_Spana
Na gia ya tatu kushuka Lushoto, hilo nalo ni kosa la mafuta?

Datsun_ya_Mzee
Hilo ni la mwenye gari, mkuu. Nimelikubali.

Wiki iliyopita nimerudi pale pale, gia ya pili, breki fupi za nguvu kabla ya kona, siyo kusuguasugua. Pedeli ilikuwa pale pale kutoka juu mpaka Mombo. Masta niliyofungiwa gereji ninayo, siwezi kujua kama ile ya zamani ilikuwa mbovu kweli, walishaitupa. Mipira nimeagiza mipya ya kawaida kwa sababu ya umri tu.

Altezza_Nyeupe
Mrejesho: beringi ya mbele kulia ilikuwa na mchezo. Nimebadilisha, pedeli ya asubuhi imepona. Fundi Nyundo, soda yako ipo.

Mswahili_wa_Leicester
Mleta uzi, picha ya gari basi. Na kile kibanda cha matunda.

Nyundo_na_Spana
Picha baadaye. @Datsun_ya_Mzee, masta mpya na presha mpya kwenye silinda ndogo za breki za nyuma za zamani (zile zinazosukuma viatu), raba zake hazijawahi kusukumwa hivi miaka mingi. Kunjua kile kifuniko cha raba cha silinda ya gurudumu, angalia kama ndani pana majimaji. Kila wiki, kwa mwezi mmoja.

Datsun_ya_Mzee
Nimetoka kuangalia sasa hivi na tochi ya simu. Kulia pakavu. Kushoto pameanza kutoka jasho. Jumamosi nafungua, na safari hii naanza upande mmoja.